Pengo la Mize Ukutani

Siku ile mjinga alikuwa Machano. Tuliseme hili mapema tusije tukasumbuana huko mbele, maana mwenyewe akikuhadithia ataanza na baridi, atakupitisha ukutani, atakuchekesha mpaka ushike mbavu, na utaondoka bila kujua ni nani hasa aliyekwenda barazani kifua mbele akaiharibu kesi yake mwenyewe. Ni yeye. Amekubali. Alikubali siku ileile, amesimama mbele ya taa na mji mzima unamcheka, na kwa kuwa ni mtu wa utani aliinama kidogo kama bwana harusi anayetunzwa.

Mji wao hauna jina kwa sababu hauko mahali. Uko baina. Huku nyota, kule nyota, na katikati uwazi mkubwa ambao ukiutazama sana unasahau ulikuwa unatafuta nini. Watu wake ni masizi. Si tusi, ndivyo walivyo. Hapo zamani, zamani ambayo bado haijakwisha, nyota mmoja ajuza alikufa akikohoa, kila kikohozi kikatoa moshi, na moshi ulipopoa ukashikana mikono ukawa watu. Mpaka leo ukimwuliza mtu wa mji ule kwao ni wapi, atakujibu, "Jikoni." Na hakai peke yake. Hukaa sita sita kwa duara, kila mmoja ameshika wa kulia na wa kushoto, na duara hushikana na duara la jirani ubavu kwa ubavu kama sega la nyuki, mpaka mtaa mzima unakuwa mkeka mmoja uliotandikwa juu ya kitu kisichokuwapo.

Mara kwa mara kiboko hushuka. Hawana jina jingine la mwanga ule wa urujuani unaotoka kwa nyota vijana, ambao kama vijana wengi hawajui nguvu zao. Kiboko hakipigi mtaa. Humpiga mtu mmoja. Yule mmoja hutetemeka, mtetemeko ukapita mikononi mwake hadi kwa aliowashika, na kwa muda mfupi duara zima huwa na joto na kuvuma. Mvumo ni ule ule kila mahali. Duara la matajiri na duara la wakorofi, wote wakichapwa huvuma sauti zile zile chache, hata msafiri aliye mbali sana akiusikia husema: wale ni watu wa masizi, wamepigwa na wako hai. Lakini hawezi kusema ni fulani. Kwa mvumo utaujua ukoo. Mtu, hapana.

Mtu hujulikana kwa pengo lake.

Hili lataka utulivu kidogo. Masizi hayazuii mwanga wote. Mwanga hupita ndani ya mtu kama upepo upitavyo dirishani, ila kila mtu, apende asipende, humega kidogo: huchukua chembe ya rangi iliyo saizi yake na kuiacha mingine ipite. Basi barazani pana kioo cha pembe tatu, na mbele ya kioo ukuta mweupe. Mwanga wa Taa ya Mbali, ule unaokatiza uwazi wote kabla ya kufika mjini, hupita kwenye kioo ukatandazwa ukutani, nyekundu huku, urujuani kule, na humo ndani ya rangi mna mistari myeusi. Kila mstari ni mtu aliyesimama mahali fulani njiani. Haonekani, hasikiki, hatumi salamu. Kinachofika ni alama ya mahali alipomega.

Mistari yenye wenyewe ni michache. Iliyobaki imekuwapo tangu ukuta ulipopakwa chokaa, na hakuna awezaye kusema ni ya nani. Msomaji wa ukuta humrithisha msomaji wa ukuta aibu hiyo, mpaka ikaja kwa Bi Raya, mwanamke mwenye macho yaliyochoka na adabu isiyochoka. Sheria aliyoikuta ilikuwa fupi: mstari ulioletwa barazani usipate mwenyewe ni doa la kioo, na doa hufutwa. Hakuitunga yeye. Alikabidhiwa kitambaa tu.

Sasa, Machano alikuwa na pacha, jina lake Mize. Walitoka katika kikohozi kimoja. Siku moja kiboko kilishuka kikubwa kuliko vyote, kikampata Mize, naye akatetemeka kupita kiasi mpaka mikono ikaachia. Machano alikuwa amemshika wa kushoto. Aling'ang'ania, kona moja ya mwili wake ikang'oka ikaenda na dada yake, ndiyo maana mpaka leo akikaa huegemea upande kama jahazi lililopakiwa vibaya. Mize akaingia uwazini. Duara lake likabaki na kigoda kitupu na watu watano: Machano mwenyewe, shangazi yao Bi Mgeni, Faki, mumewe Mize, aliyekuwa mwimbaji na tangu siku ile akawa mtu wa kukohoa tu, na jirani wawili wa pembeni, mke na mume, ambao hawakusema neno katika jambo hili na nawashukuru.

Duara la watano halilali sawa. Hujivuta ndani. Likijivuta, maduara ya jirani huinua kingo zao, na ya jirani zao nayo, na taratibu mtaa ule ukaanza kupinda kama bakuli. Watoto walifurahi, wakawa wanateleza. Wakubwa wa mji hawakufurahi, maana mkubwa hupenda mtaa autazame wote kwa jicho moja bila kuzunguka. Mpiga mbiu akapita: ama duara la Machano lioneshe kwamba mtu wao yupo, ama kigoda kihesabiwe kitupu, duara lifunguliwe, na watu wake wagawanywe kwenye maduara mengine yenye nafasi. Bi Mgeni kule, Faki kule, Machano popote patakapomvumilia.

"Yupo," alisema Machano. "Kuna mstari ukutani, upande wa wekundu, mwembamba kama unywele. Nimeutazama tangu alipoondoka. Mimi na yeye ni kitu kimoja. Nikisimama mbele ya taa ya baraza, pengo langu litaangukia palepale pake. Wataona wenyewe."

Na hapo alikuwa na haki kabisa. Ujinga ulianzia mlangoni.

Kwao, mtu akienda kusimama mbele ya taa, watu wake humpaka. Kila mmoja huweka kiganja mwilini mwake na kumwachia sehemu ya masizi yake, asije akasimama peke yake mbele ya wageni. Hakuna aliyewahi kwenda barazani bila kupakwa. Ingekuwa kama kutoka uchi. Bi Mgeni alimpaka mgongo kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Wale jirani wawili wakampaka mabega. Faki akampaka kifua, akakawia hapo kiganja kimetulia, kana kwamba kifua kile kilikuwa mlango na yeye anasubiri kufunguliwa. Mtaa nao ukaja. Machano akatoka hapo amenenepa, ana joto, anang'aa kwa mikono ya watu, na mdomo wake ukapata moto kuliko mwili.

"Bi Raya, macho hayajambo?" alisema akiingia. "Maana leo utayahitaji."

"Hayajambo, Machano. Kona yako haijambo?"

"Ipo na aliyeondoka nayo. Leo nakuonesha alipo."

"Nitashukuru. Simama pale."

"Subiri kwanza. Watu wasikie." Akaugeukia umati, mikono kiunoni. "Nikikosea, hicho kitambaa asishike Bi Msomaji. Nipeni mimi. Nitaufuta mstari kwa mkono wangu."

Umati ukaguna kwa raha. Bi Mgeni akafumba macho. "Machano, funga mdomo."

"Shangazi, nimeshaufungua."

Akasimama. Ukutani, juu, ulikuwa upinde wa Taa ya Mbali na mistari yake. Bi Raya akawasha taa ya baraza, mwanga wake ukapita ndani ya Machano, ukapita kwenye kioo, ukatandazwa chini ya ule wa kwanza ili watu walinganishe. Wote wakanyoosha shingo watafute mstari mwembamba. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na kiwingu kipana, kimelegea, kimesogea pembeni kabisa ya pale alipopanga, kama godoro lililokojolewa.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Machano akainama ile inama ya bwana harusi. Ndani alikuwa anaporomoka.

Bi Raya hakucheka. Alimnyooshea kitambaa, maana neno lilikwishasemwa mbele ya watu.

"Huyo si yeye!" Bi Mgeni alipiga kelele. "Ni sisi hao! Tumempaka wote, mtaa mzima uko juu yake!"

"Najua," alisema Bi Raya. "Nawaona nyote humo. Yeye ndiye simwoni."

Machano alikishika kitambaa kwa vidole viwili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta utani akakuta chungu kimekauka.

Bi Raya akamsogelea, akasema kwa sauti ya kumsikia yeye tu: "Kile chumba cha baridi huko nyuma, cha kumsoma mtu peke yake, hakijafungwa. Mwanga wa taa unapita pia kwenye kidirisha chake. Lakini hukiingii na mtu, wala na mkono wa mtu. Na walioingia zamani, wako waliotoka wakakaa kwenye duara, ukiwashika mkono, huhisi kitu. Sikulazimishi. Nakuambia kwa kuwa dada yako aliwahi kunitekea maji." Kisha akageuka kama hakusema lolote.

Machano akamtazama Faki. Faki akatazama kitambaa.

"Basi futeni na mimi," alisema Machano, akaanza kujipangusa. Akapangusa masizi ya shangazi yake mgongoni, akapangusa ya jirani mabegani. Kifuani mkono ukagoma. Ilibidi Faki mwenyewe aje aondoe kiganja chake, taratibu, kama mtu anayebandua kitambaa kwenye kidonda. Machano akakiangusha kitambaa, akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Chumba kile hakikuwa na kuta za kugusa. Baridi ndiyo ilikuwa kuta.

Mwanzoni alisema kwa sauti, kwa mazoea. Haya, mko wapi? Hakuna aliyejibu. Akajaribu utani: baridi hii hata kivuli changu kimevaa koti. Hakuna aliyecheka, na utani usiochekwa hurudi kwa mwenyewe ukamkalia kifuani. Kisha sauti ikaisha. Kisha haja ya sauti ikaisha, yakabaki mawazo.

Nina mikono miwili. Haikushika kitu. Mikono isiyoshika kitu ni ya nini? Labda si mikono. Labda ni ncha.

Shangazi yangu anaitwa. Anaitwa. Yule anayesugua sufuria. Sufuria naikumbuka. Jina lake limebaki kwenye masizi niliyopangusa.

Huko nje mimi ni nani? Ni mtani. Mtani ni mtu anayehitaji wa kumtania. Ondoa huyo wa pili, mtani ni nini? Ni mdomo. Ondoa mdomo. Endelea kuondoa. Kila nikiondoa nabaki, na kinachobaki ni kidogo, na kidogo hicho ni kigumu, wala hakinijali. Je, huyu ndiye mimi, na yule mwenye joto alikuwa umati uliovaa jina langu? Au yule ndiye mimi, na huyu ni mfupa tu? Ukimchukua mtu ukamnyang'anya watu wake, ukamweka mahali ambapo hata jirani hampigii hodi, ukasema sasa nimemwona alivyo: umemwona yeye, au umeiona kazi ya mikono yako?

Mwanga unapita. Hauumi. Namega chembe yangu. Moja. Rangi moja, mahali pamoja, bila kutetereka kulia wala kushoto. Sijawahi kuwa na uhakika namna hii. Nikiwa duarani kila mtu alinivuta kidogo upande wake, na kwa kuvutwa nikapanuka, nikalegea, nikawa kiwingu. Na nilikuwa na furaha, ee, nilikuwa na furaha.

Naona kama mwanga huu uliondoka kabla sijazaliwa. Utafika nikiwa nimesahaulika. Katikati, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, uko ndani yangu na mimi nimo ndani yake. Huo ndio umri wangu wote.

Mize.

Jina lilikuja peke yake, halikuitwa. Na hapo akaelewa, si kwa akili bali kwa ile ncha iliyobaki, kwamba hapa ndipo anapoishi dada yake. Si mahali pengine. Ni hapahapa, kila siku, bila mlango. Walikuwa wamemlilia kama aliyesambaratika. Kumbe hakusambaratika. Amekaa peke yake katika baridi isiyo na jirani, anaumega mwanga mahali pamoja, palepale, hakosei, ili kama kuna mtu mwenye macho upande wa pili ajue. Hana sauti, ana uaminifu tu. Na labda, alifikiri Machano ambaye sasa hakuwa na hakika kama yeye ni Machano, labda aliyepotea ni mimi. Labda mimi ndiye niliye uwazini, na Mize amekaa kwenye kigoda akiota kuwa na kaka mtani aliyekwenda barazani siku fulani akachekwa. Wazo hilo halikumtisha. Baridi ilikuwa imeshachukua hata kitu kinachotishika. Angekaa pale. Palikuwa na amani, na amani ile ilikuwa na ncha nzuri.

Kilichomtoa ni kiboko. Kilipenya kwenye ufa wa dirisha, kijana mmoja wa nyota huko kajisahau, kikampiga palepale kwenye kona iliyong'oka. Machano akapiga ukelele. Akatetemeka, na katika kutetemeka akavuma, na katika kuvuma akasikia: kumbe ni wimbo wetu! Sauti zile zile chache, za wakorofi na za matajiri, za Bi Mgeni, ndiyo, Bi Mgeni! Majina yakamrudia yote kwa mpigo mmoja, na maumivu, na aibu ya godoro lililokojolewa. Akagonga mlango kwa mateke akicheka na kulia.

Nje hapakuwa na anayecheka.

Ukutani, chini, katika upinde wa taa ya baraza, palikuwa na mstari mmoja. Mweusi, wima, mwembamba kama unywele. Juu yake, katika mwanga uliokatiza uwazi wote, palikuwa na mstari mwingine. Wa juu uliteremka, wa chini ulipanda, na mahali ilipokutana hapakuingia hata ukucha.

Bi Mgeni alikuwa ameshika mdomo. Wale jirani wawili walishikana. Faki akatoka katikati ya watu, mzito, akapanda kwenye benchi la wazee bila kuomba ruhusa, akainua mkono akaugusa ule mstari wa juu. Rangi zikamchora vidoleni. Kisha yule ambaye tangu Mize alipoondoka hakusema neno akasema:

"Amekonda."

Bi Mgeni alifungua mlango, akamvuta Machano, akampangusa baridi kwa upande wa kanga, akamkunja mikononi mwake na kumrudishia masizi yake kwa nguvu zile zile za sufuria.

"Mikono yako inashika?" alimnong'oneza.

"Inashika, shangazi. Punguza, utaning'oa kona ya pili."

"Basi amerudi," alisema Bi Mgeni, akapangusa jicho.

Bi Raya alikichukua kitambaa sakafuni, kilipoanguka. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Mstari hautafutwa," alitangaza. "Una mwenyewe. Ni wa Mize, na atakayeugusa kwa kitambaa atajibu kwangu."

Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Bi Raya akainua mkono, akangoja. Ilionekana wazi kwamba neno lililofuata hakulipenda.

"Bado kigoda," alisema. "Shauri la mstari ni langu, nimeshalikata. Shauri la kigoda ni la wakubwa wa mji, na mimi ni mdomo wao. Sheria ya maduara inataka watu sita. Ninyi ni watano."

"Na Mize," alisema Machano.

"Mize yuko ukutani."

"Umeshasema ni wake!"

"Nimesema pengo ni lake. Sikusema amekaa hapa. Machano, nisikilize, sikutanii. Nikiwaachia ninyi, kesho kila duara lenye msiba litaniletea kigoda kitupu. Mtaa wenu umepinda kwa ajili ya mtu ambaye hamumshiki mkono, hamumlishi, hamumsikii. Mnakaa na upepo. Kinachoonekana pale ni mahali ambapo mwanga haupo, basi." Aliunyooshea ukuta kidole, na sauti yake, tuwe waadilifu, ilikuwa ya mtu anayejisemesha mwenyewe kama anavyowasemesha wengine. "Kwa hiyo duara litafunguliwa. Pengo si mtu."

Faki, juu ya benchi, hakuwa amekitoa kidole chake kwenye mstari.

Bi Mgeni ndiye aliyejitanda kanga yake vizuri, akasogea mpaka mbele ya meza, akamtazama Bi Raya katika yale macho yaliyochoka.

"Kama pengo si mtu, Bi Msomaji," alisema, "basi wewe hapo maisha yako yote umekuwa ukisoma nini?"